Sahani ya Théodore

Rosettenville, Johannesburg
8 Februari 2025

Yaya Mamie, dada yangu mkubwa mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Denise. Barua hii ataileta Glody, anapanda basi wiki hii na mizigo yake ya nywele na viatu. Nakuandikia kwa sababu simu yako huwa mkononi mwa mwanao Exaucé, na Exaucé hufungulia sauti za watu uani, majirani wakiwa wanachambua majani ya muhogo ya sombe. Haya ya leo sitaki yaingie kwenye sombe la mtu.

Mwezi ujao mdogo wako, mume wangu Théodore, atatimiza mwaka tangu atutoke. Viatu vyake vya ulinzi bado viko mlangoni. Denise akipita anavinyoosha kwa ncha ya mguu, kama vile baba yake ameviacha vibaya asubuhi hii.

Unakumbuka nilipoingia kwenye foleni ya hospitali ya serikali, ile ya kupunguza tumbo? Imesogea. Hawajanipa tarehe, ila wameniita kwenye kundi la wanaotayarishwa. Watanipasua wakate sehemu kubwa ya kifuko cha chakula, kibaki chembamba kama ndizi. Najua unavyokunja uso unaposoma hapa. Nisikilize kwanza.

Sukari imepanda. Magoti yananiuma hata nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Usiku nikilala nasahau kupumua, na Denise amehamishia godoro lake chumbani kwangu ili aniamshe. Mtoto wa miaka kumi na minne analala akisikiliza pumzi za mama yake. Daktari hakuzunguka. Alisema nikibaki hivi, Denise atamaliza shule bila mama. Baba tayari hana.

Kwa hiyo najitayarisha. Nakula kwenye kisahani cha chai, natafuna hadi taya linachoka, soda nimeacha. Asubuhi natembea kutoka mlangoni hadi roboti, yaani taa za barabarani, na sasa nafika roboti ya pili. Kila Jumatano tunakutana sisi tunaosubiri, kwenye ukumbi wenye viti vipana visivyo na mikono. Siku ya kwanza kabisa Théodore alinisindikiza. Alivikagua vile viti kimoja kimoja kama yuko zamu, halafu akaniambia, "Mama Denise, hapa wametufikiria."

Ombi langu ni hili. Njoo uondoe matanga kabla hawajaniita. Najua kwenu kazi hiyo ni ya dada mkubwa wa marehemu: wewe ndiye wa kupika, wewe wa kumlisha mjane kwa mkono wako kwenye sahani ya marehemu mpaka sahani iwe nyeupe, yaani isibaki chembe, na wewe wa kumvua nguo nyeusi. Sitaki kulala kwenye meza ya daktari Théodore akiwa bado ananishika. Nataka aniachie kwa heshima, nami nimwachie.

Mdogo wako,
Héritière


Katuba, Lubumbashi
2 Machi 2025

Héritière,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Nikaifuta miwani nikaisoma tena, nikidhani ni miwani.

Huku wanawake wanameza vidonge ili wanenepe, wengine wanajifunga vitambaa vitatu kiunoni ndipo wavae kitenge. Wewe Mungu amekupa bila kumwomba, unataka kumpelekea daktari akukate! Siku Théodore alipokuleta kwetu, mama yetu alisema, "Huyu atajaza mlango." Alisema kwa furaha, Héritière. Alikwenda kuwaita majirani.

Sasa nisikilize na mimi. Mdogo wangu aliingia hospitali kwa ngiri. Ngiri! Hapa Katuba wanaume wanatembea nazo sokoni wanabishana bei ya mkaa. Aliingia kwa miguu yake akatoka amefunikwa shuka. Sikumzika. Nilimwona akishushwa kaburini kwenye simu ya Exaucé, picha inakatika, inarudi, inakatika, na iliporudi mara ya mwisho palikuwa na udongo tu. Leo unaniambia na wewe unakwenda chini ya kisu, tena hujaumia popote, tena unapanga foleni.

Hapana. Kisu kimekula mmoja nyumbani kwetu, kinatosha.

Na usinishike kwa matanga. Mjane wa kwetu hamwagi damu kabla hajavuliwa nguo nyeusi, hilo unalijua, na mtu wa kuivua ni mimi. Nitaivua nitakapoona uko tayari. Kuwa tayari maana yake ni kuacha habari ya kukatwa. Kama una la kujibu, jibu kwa karatasi. Mambo ya matanga hayasemwi kwenye simu.

Msalimu Denise. Mwambie aandike kwa Kiswahili, si kile Kiingereza chake cha "hi auntie".

Yaya wako,
Mamie


Katuba, 18 Mei 2025

Héritière mdogo wangu,

Hujajibu. Mwezi wa tatu umepita, wa nne umepita, na Glody amekuja mara mbili na mikono mitupu. Moyo wangu umetulia. Kwetu mdogo asiyemjibu mkubwa wake amekubali, na wewe ulifundishwa vizuri. Nimewaambia wote hapa: Héritière ameelewa, habari ya kisu imekwisha. Exaucé amechinja kuku.

Kwa hiyo nakuja. Jumamosi tarehe 14 Juni tunaondoa matanga. Mama Angélique, yule shangazi yetu wa huko, ameshapata ukumbi wa kanisa hapo Rosettenville na anawaita watu. Mimi nitafikia kwa Glody, Berea. Unajua utaratibu: anayekuja kuondoa matanga hamwoni mjane wala hasemezani naye mpaka siku yenyewe. Ukiwa na neno, liandike, Glody atalifikisha.

Ninakuja na sahani. Ile ya bati ya bluu, yenye pengo ukingoni, ambayo Théodore alikuwa anailia tangu hajaota meno ya mbele. Baada ya mama kufa niliificha isije ikachukuliwa na watoto wa watu. Nitapika kuku, sombe la mawese, samaki wa kukaushwa, na bukari, ugali wa kweli, si huo unga wenu mweupe usio na harufu. Kaa na njaa siku mbili kabla, maana sahani hiyo unaijua ukubwa wake, na sitaki kuona hata chembe imebaki. Ukiacha chakula watu watasema kuna jambo limebaki kati yako na marehemu.

Kitenge nimeshanunua, cha kijani chenye ndege. Nimekipima kwa mwili wako ninaoujua.

Mamie


Berea, Johannesburg
9 Juni 2025

Héritière,

Nimefika. Glody anakaa ghorofa ya nane na lifti ilikufa kabla hajahamia, sasa magoti yangu nayo yanataka kuingia kwenye kundi lako la Jumatano. Baridi ya huku inaingia hata kwenye meno. Nimelala na koti na soksi za Glody, na bado.

Sahani imefika salama. Nimeipakata mipaka yote mitatu. Mwanajeshi mmoja aliniuliza, "Mama, hiyo ina nini?" nikamwambia, "Ina mtu." Akanipisha.

Sasa nieleze jambo. Jana Mama Angélique alipanda ngazi zote hizo kuja kunisalimia, na nilishangaa, kwa sababu yule hapandi ngazi kwa salamu tu. Anasema umekonda. Anasema nguo nyeusi inakuning'inia kama imeazimwa. Anasema asubuhi unaonekana ukitembea na mwanaume, mnene, anayecheka sana, na matanga hayajaondolewa. Nilimwambia wifi yangu simjui hivyo. Lakini nilipobaki peke yangu sikulala.

Nieleze kabla sijawasha jiko la mtu.

Mamie


Rosettenville, 10 Juni 2025

Yaya Mamie,

Pole na safari, pole na ngazi. Kujua kwamba uko upande wa pili wa mji na siwezi kuja kukushika mkono kunanichoma.

Nianze na mwanaume mnene. Anaitwa Vuai, ni mpishi, mtu wa Unguja, anakaa mitaa miwili kutoka hapo ulipo. Ana mke na watoto wanne, na mkewe ndiye anayemfukuza kitandani apande teksi aje kutembea nami. Tuko kundi moja. Anacheka ndiyo, ukikaa naye utacheka na wewe. Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada, wewe unasubiri nini hapa, wakati gauni lako tu lingetosha watu wawili?" Nikamwambia nililishona mwenyewe kwa watu wawili. Tukawa marafiki.

Sasa lile jingine. Sikukubali, yaya. Nilinyamaza. Kila nilichoandika kilikuwa ama uongo, ama kukukosea heshima, nikakichana. Mwisho nikaona ni heri usipate kitu. Nilisahau kwamba kwenu kunyamaza ni jibu. Ilipofika barua yako ya mwezi wa tano niliandika siku hiyo hiyo nikampa dereva wa basi. Nilipouliza nikaambiwa umeshaondoka. Barua yangu na wewe mmepishana njiani, labda Zambia.

Nitaisema tena hapa. Wamenipa tarehe. Ni Alhamisi ya tarehe 19, siku tano baada ya matanga.

Na si hilo tu. Tangu wiki iliyopita sili kitu cha kutafuna. Ni vya kunywa tu: maziwa yasiyo na mafuta, chai, supu iliyochujwa, mpaka siku ya kupasuliwa. Sababu ni ini. Watu wa mwili wangu ini lao huwa limejaa mafuta, nalo limelala juu ya tumbo. Lisiponywea, daktari hawezi kulisogeza akafika anapotaka. Mlo mmoja mzito unaweza kuniharibia kazi yote.

Vuai aliitwa mwezi wa tatu. Katika siku zile za kunywa tu, mpwa wake aliolewa, na wakamwomba asimamie masufuria. Mpishi ataachaje kuonja? Akaonja kijiko, akaonja nyama, usiku akakaa na wazee akala sahani ya pilau, na kesho yake mabaki. Hakumwambia mtu. Walimlaza, wakamtoboa, wakaliona ini limefura kama mto wa kulalia, wakamshona. Alipoamka aliuliza, "Tayari?" Sista akamwambia, "Hatukugusa kitu, baba." Amerudishwa mwisho wa foleni, na foleni hiyo mimi nimekaa miaka. Asubuhi tunapotembea anacheka kama kawaida, ila tukifika kwenye duka linalouza maandazi anageuza uso na kuharakisha mpaka tuvuke.

Kwa hiyo Jumamosi nifanye nini? Nikila, Alhamisi watanifungua na kunifunga. Nisipokula, mbele ya ukoo mzima nimemkataa Théodore. Nimewaza niseme naumwa, nisije. Lakini sitaki kumuaga Théodore kwa uongo.

Ungeweza kusogeza siku, yaya? Hata wiki mbili tu mbele?

Héritière


Berea, 11 Juni 2025

Héritière,

Kusogeza! Mama Angélique ameshaita watu mpaka wa Pretoria. Kuku wamelipiwa. Mchungaji amepanga ibada. Tena tukisogeza, utakuwa umekatwa ukiwa ndani ya nguo nyeusi, jambo ambalo mimi nimekaa Katuba nalikataa tangu mwezi wa tatu. Umenizungusha mpaka nimekuja mwenyewe kukutengenezea njia ya kwenda kukatwa.

Nimewaambia watu wa nyumbani kwamba umeacha. Nimesema kwa kinywa changu. Nimekula kuku kwa ajili hiyo.

Unajua Angélique anasema nini jikoni kwa Glody, mimi nikiwa nimegeuka nachagua majani ya sombe? "Mjane asiyetaka kulishwa ana la kuficha juu ya kifo." Hajajua bado hata nusu ya haya. Akijua, Jumamosi haitakuwa matanga, itakuwa kesi, na Denise amekaa hapo anasikiliza.

Chakula kitapikwa. Sahani itajazwa. Utakaa kwenye mkeka nami nitakulisha, na utakula, kwa sababu mimi sina njia nyingine ya kumzika. Nyinyi mlimzika. Mimi nina sahani tu.

Nijibu neno moja, na uniambie kweli kwa sababu hayupo wa kumuuliza. Théodore alijua kwamba ni kukatwa? Aliitaka hii operesheni, au alikusindikiza tu siku ile ya viti?

Mamie


Rosettenville, 12 Juni 2025

Yaya Mamie,

Alijua.

Siku ya kwanza sista aliuliza kwenye ukumbi, "Nani nyumbani atakusaidia?" Théodore akainua mkono juu kabisa, kama mtoto wa shule aliyejua jibu. Watu walicheka. Hakuushusha mpaka sista alipoandika jina lake.

Nilipopewa kisahani cha chai, na yeye alihamia kwenye kisahani. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku, mtu amesimama getini saa zote hizo, anakaa na kisahani chake ananiambia, "Tunakula kama sungura, Mama Denise, lakini sungura hawaumwi magoti." Unajua alivyopenda ukoko. Tangu tuoane alikuwa akikwangua sufuria ya bukari mwenyewe, ananigawia ule mkavu wa pembeni. Siku ile alikwangua, akaushika mkononi, akaniangalia, akaukunja kwenye karatasi akampelekea jirani. Hakuula peke yake hata mara moja. Kila Denise akinifunga kamba za viatu leo, nakumbuka ni baba yake aliyekuwa akinifunga, amepiga goti kwenye korido na sare yake, funguo zinalia kiunoni.

Kuna jingine. Nimekaa nalo mwaka mzima. Silisemi likuume, nalisema kwa sababu umeniomba kweli.

Ile ngiri, Théodore alikuwa amepewa tarehe ya kupasuliwa mapema, bado ni ndogo, bado anacheka nayo. Akasema, "Kwanza nimwambie Yaya Mamie." Akachukua simu, akaiweka. Kesho yake akachukua tena. Alisema, "Nikimwambia hatalala, presha itampanda, naye yuko mbali." Akaacha tarehe ipite bila kukuambia na bila kwenda. Baadaye utumbo ukakwama humo ndani, akafikishwa hospitali usiku akiwa ameshabadilika rangi. Waliompasua walimpasua mtu aliyekuwa amechelewa.

Yaya, kisu si ndicho kilichomla. Alikuwa anakuonea huruma, akasubiri.

Na mimi nilipokunyamazia nilikuwa nafanya vile vile alivyofanya. Nimeona hilo jana, niliposoma barua yako, nikaogopa kuliko ninavyoogopa Alhamisi.

Jumamosi nitakuja. Nitakaa kwenye mkeka. Sitasingizia ugonjwa, sitafumba mdomo mbele ya watu nikuaibishe. Ukileta tonge nitafungua kinywa, kwa sababu mkono ni wa dada yake. Sasa unajua tonge hilo linabeba nini. Mimi nimemaliza, limebaki kwako.

Héritière


Hospitalini
Jumatano, 18 Juni 2025, jioni

Yaya Mamie wangu,

Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Nimewaona wewe na Denise mkivuka uwanja, wewe umejifunga blanketi langu, naye amekushika mkono upande wa magari. Simu nimempa Denise kwa sababu hapa vitu hupotea. Sista wa zamu amenipa karatasi hizi na kusema asubuhi atakukabidhi mwenyewe. Sasa tunaweza kusemezana tunavyotaka, na bado naandika. Nimezoea kukuambia mambo hivi.

Daktari amepitisha mashine ubavuni. Amesema ini limenywea vizuri. Alifurahi, akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia wifi yangu alinipikia. Hakuelewa, akaandika tu.

Kuna mambo ya Jumamosi sikukuambia, maana tangu siku hiyo nyumba haijaisha watu.

Hukunijibu ile barua. Ijumaa nzima nilimngoja Glody dirishani. Najua mdogo asiyejibu amekubali, lakini mkubwa asiyejibu, hilo hamkunifundisha. Nilikuja ukumbini bila kujua. Nilikaa kwenye mkeka, harufu ya mawese ikanipanda mpaka machoni, na mbele ya wale wote nilichowaza ni tumbo langu, siyo Théodore. Unisamehe. Halafu nikakuona unatoka jikoni na ile sahani ya bluu imefunikwa kitambaa, unatembea polepole sana, nikajisemea, imejaa mpaka pomoni. Nikafungua kinywa kabla hujafika, ili nisipate nafasi ya kulia.

Ulipoondoa kitambaa sikuamini. Supu ya kuku, nyepesi kama chai, hata jicho moja la mafuta halikuelea. Glody ameniambia uliichuja mara nyingi kwa kitambaa chako cha kichwani, na kwamba Ijumaa tangu alfajiri ulimtuma kwa Vuai kuuliza inavyopaswa kuwa, ukaambiwa, ukauliza tena. Mimi nilipita siku nzima namngoja Glody dirishani, kumbe yuko ngazini kwa Vuai.

Na yule Mama Angélique! "Mjane gani huyu, ananyweshwa kama mgonjwa?" Ukamjibu bila hata kugeuka: "Ananywa alichopikiwa na dada wa marehemu. Wewe shangazi, ulimpikia nini mwaka huu mzima?" Nilisikia mtu wa nyuma akikohoa kicheko. Akaanza tena, "Lakini desturi..." ukasema, "Desturi ni sahani iwe nyeupe. Subiri uione."

Kijiko cha tatu au cha nne ulinimwagia kifuani, ukasema chini chini, mimi tu nikasikia, "Hiyo ni ya kwake." Halafu ukaniuliza, kwa sauti ile ile, "Kweli aliiweka simu chini?" Nikaitikia kwa macho. Ukajaza kijiko kingine. Nilikuwa naogopa utaacha, lakini hukuacha, ulinilisha mpaka mwisho, ukainua sahani ukawaonyesha kote, kulia na kushoto, kama unaonyesha mtoto aliyezaliwa.

Kile kitenge cha ndege kilikuwa kinanizunguka mara mbili. Nilitaka kucheka uliponivalisha, umejaza pini mdomoni kama mimi niwapo kazini. Sijakikata. Nimekishona kwa kuacha kitambaa kingi ndani ya mshono, ili kipungue nami taratibu. Kimekunjwa chini ya mto hapa.

Jengo hili si lile alilofia Théodore, ila harufu ni moja. Jirani yangu wa kitanda ni mama wa Soweto, anaimba nyimbo za kanisa kwa Kizulu akiwa amefumba macho. Nimejaribu kumfuata, nimekosea maneno, akanipiga kofi la mkono tukacheka. Ninaogopa, yaya. Nimetia sahihi kwenye karatasi yao bila kusita, lakini tangu mlipovuka uwanja ninaogopa. Hutalala leo, najua, na sasa umelijua hili mapema, pamoja na hofu yake. Ni afadhali hivi. Tunaogopa wawili.

Denise ameniambia una ukoko wa Jumamosi, kwamba uliukwangua kwenye sufuria kubwa kabla Glody hajaiosha, ukauanika dirishani, ukaufunga kwenye leso, na ulipoulizwa ulisema, "Huu ni wa mama yako, siku daktari akimruhusu kutafuna." Utakaa sana huo. Usimpe jirani.

Wataniita asubuhi, mapema. Wewe saa hiyo utakuwa jikoni kwangu unamtengenezea Denise bukari lako, yeye akilalamika kwa Kiingereza kwamba watoto wa shule hawali bukari asubuhi. Mpe tu, atakula. Viatu vya baba yake viko mlangoni bado, vipishe au viondoe, nakuachia wewe.

Na ukimaliza kupakua, ukishika kijiko kukwangua sufuria, unikumbuke.

Mdogo wako,
Héritière